Udongo Usiopokea Umeme

Mwaka wa tatu ulipofika, Awut hakuwa tena na hamu ya umeme. Alikuwa na hamu ya kumaliza.

Mama yake alirudi Bor baada ya bendera mpya ya uhuru kupandishwa kule kwao, akamwachia nyumba ya matofali ya udongo katika kambi ya Kakuma na neno moja: maliza hiyo stashahada, kisha uje. Tangu hapo kila muhula Awut aliomba kibali cha kutoka kambini, akapanda lori la mizigo hadi chuoni Lodwar, akalala katika bweni la mabati ambalo joto lake halikutoka hata alfajiri. Alisoma habari za mota na transfoma huku mchanga ukiingia katikati ya kurasa. Msichana mwenzake wa pekee darasani, mtu wa Lorugum, aliolewa mwaka wa pili na hakurudi. Awut akabaki kwenye benchi la nyuma, mrefu kuwashinda wanaume wote, nao wakamwita Nguzo. Hakukasirika. Kukasirika kulitaka nguvu, na nguvu aliziweka kwa ajili ya hesabu.

Sasa ilikuwa Julai 2012 na kilichobaki kilikuwa mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi alitakiwa kufunga umeme mahali halisi, mwalimu aje kupima. Awut alichagua kinu cha posho cha kina mama wa kanisa lao, kambini. Akipita, angekwenda Bor. Akianguka, angengoja mtihani wa Novemba, na kibali kingine, na bweni lile lile.

Nyaya alizipitisha zikanyooka. Swichi na taa zilikuwa sawa. Kilichomshinda ni chuma cha ardhini, ile nondo ya shaba ambayo fundi huipigilia udongoni na kuifungia waya unaotoka kwenye mashine, ili umeme ukivuja uzame ardhini badala ya kupita katika mwili wa mtu. Mwalimu hupima jinsi udongo unavyoukataa umeme huo. Namba ikizidi kumi, kazi imeanguka.

Chuoni walijifunzia nyuma ya jikoni, mahali wapishi walipomwaga maji ya vyombo kila siku, na mita ilionyesha tatu au nne bila usumbufu. Hapa Kakuma, kwenye kivuli cha kinu, mita ilionyesha mia mbili. Awut alidhani amekosea. Akapima tena, ikawa vilevile. Udongo ulikuwa vumbi juu na vumbi chini, na nondo ilisimama ndani yake kama kijiti ndani ya unga.

Akaenda nyumbani, akachukua mtungi wake wa maji, akaumimina wote kuizunguka nondo.

Kina mama waliokuwa wakipepeta mtama wakageuka kumtazama. Kisha Achol, jirani yake, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, akasema, "Awut, wewe unanywesha mchanga?"

"Ni kazi ya shule, mama."

"Mchanga imekuambia iko na kiu?"

"Kesho ataipikia uji," mwingine akadakia, na kicheko kikazunguka kivuli kizima.

Namba ilishuka hadi tisini. Jua lilipofika utosini ilikuwa imepanda tena, na Awut hakuwa na maji ya kupikia.

Aliyekuja na shauri ni Adolphe, Mkongo aliyekuwa na jenereta na kuwauzia umeme wenye maduka wa upande ule. Ndiye angekilisha kinu umeme pia. Alimkuta Awut amekaa chini, mita mapajani.

"Mama, sikia," akasema. "Sisi wote tunawekaka kwa bomba. Pale udongo inakunywaka kila siku. Unapima, namba inatoka muzuri, unapata diplome yako, unaenda."

Bomba la maji la mtaa lilikuwa nyuma tu ya kinu. Chini yake palikuwa na tope ambalo halikukauka mwaka mzima, kwa maji yaliyomwagika mitungi ikijazwa. Wakachimba mfereji mwembamba, wakaulaza waya, wakapigilia nondo kwenye tope. Ilizama kwa nyundo chache. Mita ikaonyesha sita.

Awut aliitazama ile sita kwa muda mrefu. Hakushangilia. Aliona tu mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Unaona?" Adolphe akacheka. "Udongo iko na akili. Inataka tu umupatie kinywaji."

Asubuhi ya siku ya kuja kwa mwalimu, Awut alikwenda bombani kama watu wengine. Foleni ilikuwa ndefu. Wanawake walisimama pekupeku ndani ya tope. Mbele kabisa alisimama Achol, akisimulia habari za mkwe wake, kisigino kimoja amekipumzisha juu ya kichwa cha nondo, kwa kuwa ndicho kitu kigumu pekee mahali pale.

Mota ya kinu ilikuwa kuukuu. Siku walipoijaribu, umeme uliovuja ulimtekenya Awut kiganjani. Alijua mtekenyo ule sasa ungepita wapi, kwenye nondo hadi kwenye tope na miguu ile, na alijua kwamba jenereta ya Adolphe haikuwa na swichi ya kujikata umeme unapovuja. Akamfuata Adolphe kwenye jenereta yake.

"Inatekenya kidogo tu," Adolphe akasema. "Haiuwe mutu."

"Kwa pakavu. Wale wako ndani ya maji."

"Hakuna mwenye alishakufa."

"Bado."

Adolphe akafuta mikono kwa kitambaa. Hakuwa mtu mbaya. "Basi leo tu. Mwalimu apime, aende. Kesho unatoa."

Lilikuwa shauri jepesi, na Awut alilibeba njia yote hadi bombani. Lakini alijijua. Sahihi ya mwalimu ikishakuwa mkononi, angelala siku mbili, kisha angefunga mizigo. Kesho hiyo ingekuwa kesho ya mtu mwingine, na kinu kingeendelea kusaga. Uchovu wake ndio aliouogopa, si ubaya wa moyo.

"Mama, toa mguu."

"Chuma yako nimeiudhi?" Achol akauliza.

"Toa tu, mama."

Aliitikisa nondo kwa mikono miwili mpaka tope likaiachia, akairudisha kwenye kivuli cha kinu, akaipigilia katika vumbi.

Mwalimu Lokorio alifika mchana, shati limemganda mgongoni. Alikuwa mtu wa Lokitaung, hakupenda maneno mengi.

"Ejok," akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Ejok-nooi, mwalimu."

Akapima. Mia moja na themanini. Akapima tena, kisha akazunguka kinu, akasimama mbele ya shimo dogo lililojaa maji bombani.

"Ilikuwa hapa?"

"Ndiyo."

"Ikasoma ngapi?"

"Sita."

"Na ukaitoa."

Awut alielekeza kidevu kwenye foleni, kwenye zile nyayo tupu ndani ya tope. Lokorio akaziangalia. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Miaka yote nawafundisha nyuma ya jikoni," akasema, si kwa yeyote. Halafu akamgeukia. "Kuitoa ni sawa. Lakini sita sikuiona, siwezi kuiandika."

"Najua, mwalimu."

"Huu mchanga unataka shimo. Chini sana, nondo ndefu, mkaa na chumvi vishike unyevu. Novemba nitakuja tena."

"Novemba, mwalimu."

Jioni alimpigia mama yake simu, wakaongea Kidinka.

"Umeme gani huo usioisha?" mama akauliza.

"Udongo ulikataa."

"Wa hapa una maji mpaka ng'ombe wanazama. Njoo ufungie hapa."

"Nitakuja, mama."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

Simu ikakatika, au mama aliikata.

Siku iliyofuata kinu kilikuwa bado kimefungwa, kwa kuwa kazi haikupita, na kina mama walikuwa na hasira. Hawakujua wamkasirikie nani, wakamkasirikia Awut. Aliazima jembe, akaanza kuchimba kando ya ukuta. Jua lilipokuwa kali Achol akaja na mtama wake usiosagwa, akatazama, akaweka beseni chini.

"Leta jembe," akasema. "Unachimba kama mtu wa shule."

Walipokezana hadi jua likalegea. Walikuwa wamefika kiunoni, na udongo uliotoka ulikuwa bado vumbi. Awut akaegemea ukingo wa shimo na kufumba macho.

"Inaishia wapi hii?" Achol akauliza kutoka juu.

"Kwenye unyevu."

"Na kama hakuna?"

Awut akafumbua macho. Aliinua jembe tena.