Neno Letu la Mvua

Kama umewahi kusukwa Kenyatta Market, huenda Waithera alikishika kichwa chako. Mfupi, mnene, mcheshi, na vidole vyembamba utadhani aliviazima. Tulisuka wanne kwa kichwa kimoja, yeye mbele, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa mistari iliyonyooka. Mimi Mukai nilikuwa nyuma upande wa kushoto. Ukinisikia nikifoka hapa, jua najifokea mwenyewe.

Wasichana wa chuo walimjia Waithera kama daktari. Huku anasuka, aliwaeleza mimba inavyoingia, kondomu, sindano ya miezi mitatu, na kliniki ambayo nesi wake hana kelele.

"Auntie, ni ukweli mara ya kwanza huwezi pata ball?" mmoja aliuliza, ball kwa lugha yao ikiwa mimba.

"Nani amekudanganya? Mimi nilishika hiyo mara ya kwanza. Anaitwa Kui."

Tulicheka kila mara, hata tuliokwisha kuyasikia mara mia.

Lakini Kui mwenyewe akitokea na sare yake ya shule, mmoja wetu alisema, "Mvua," na kibanda kizima kikahamia bei ya nyanya. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yetu. Mvua maana yake mtoto ameingia, anueni maneno. Kui alianza kuja pale akiwa wa chekechea, akafika kidato cha tatu, na bado tulikuwa tukianua.

Siku moja nilimwambia Waithera, "Si umwambie huyu wako pia?"

"Kui? Huyo bado ni mtoto. Na mimi ni mamake, nitaanzia wapi?"

Mganga hajigangi, nikasema, nikaendelea kusuka. Laiti ningemsumbua zaidi.

Likizo ya Agosti, Jumanne, mteja alikuwa akimuuliza Waithera kuhusu siku zake zilizochelewa wiki tatu. Waithera akawa anamweleza vizuri, taratibu, pa kwenda kupimwa na mtu wa kuona. Nikainua macho nikaona Kui mlangoni, ameshika pazia. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani.

"Mvua," nikasema. Ndiyo, mimi.

Waithera akanyamaza katikati ya neno. "Kuna nini, mami?"

"Hakuna. Nilikuwa napita tu."

"Kuja ule basi."

"Nimeshiba."

Alimtazama yule mteja, akanitazama mimi, akaondoka. Tukacheka kwamba mvua imepita.

Siku tisa baadaye, jirani alimkuta Kui sakafuni bafuni, sweta imefungwa kiunoni, imelowa damu. Alikuwa amenunua vidonge vya kutoa mimba kwa mtu fulani mjini, mtu asiye daktari wala nesi. Hospitalini walipigania uhai wake kweli, sitawasingizia. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda na begi la Waithera mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?" Waithera alimuuliza. "Watoto wa watu wote huniambia!"

"Nilikuja," Kui akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mkasema mvua."

Alikuwa akilijua neno letu miaka yote hiyo. Kabla ya jioni alikuwa ametutoka. Miaka kumi na sita.

Waithera alirudi kibandani baada ya miezi miwili. Hakunilaumu, na hilo linaniumiza kuliko matusi. Anasuka mistari yake iliyonyooka na hatanii mtu.

Wiki iliyopita mteja alikuja na bintiye wa miaka kama kumi na tatu. Mama akawa anamuuliza Waithera juu ya sindano. Msusi mgeni, tuliyemfundisha desturi zetu zote, akasema, "Mvua."

Vidole vya Waithera vikasimama. Vyangu pia. Akavuta stuli kwa mguu hadi karibu yake.

"Kaa hapa, mami," akamwambia yule mtoto. "Hakuna mvua."

Waithera akaanza mwanzo kabisa, kwa maneno mepesi, bila kutazama pembeni. Mtoto akasikiliza, kisha akauliza kwa aibu, "Lakini shuleni wanasema mara ya kwanza huwezi."

Nilitamani kuziba masikio.

"Mimi nilishika hiyo mara ya kwanza," Waithera akasema. "Alikuwa anaitwa Kui."