Kopo la Maji la Bibi Nkwimba

Kila nikisikia harufu ya maji yaliyonyunyizwa kwenye sakafu ya udongo, narudi Bariadi, kwenye vyumba viwili tulivyopanga kwa Bibi Nkwimba, jirani na kiwanda cha kuchambua pamba alikofanya kazi baba. Msimu ukianza, nyuzi za pamba ziliruka hadi zikatua kwenye uji. Tulikunywa hivyo hivyo, tukitema pembeni kama watu wazima.

Bibi mwenyewe aliishi chumba cha tatu. Nilikuwa na miaka saba, na kazi yangu ya heshima ilikuwa kumpelekea kopo la maji kila asubuhi. Nilipiga magoti, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, kwa Kisukuma, naye akaitikia, akachovya vidole, akanyunyiza sakafu vumbi litulie, ndipo akafagia. Hata pamba yake ilipoletwa kutoka shambani kwake Sapiwi ikajaa chumbani mpaka kitanda kikatolewa nje, hakuacha. Alifagia kinjia kilichobaki.

Wakati huo ushirika ulikuwa umeishiwa nguvu, na wanunuzi binafsi wamemiminika mjini na mizani zao, kila mmoja akitafuta vyumba vya kugeuza stoo. Mmoja wao, kijana mcheshi wa kofia, alivitaka vyetu kwa kodi mara mbili ya tuliyolipa. Bibi alimwambia mama, "Wewe kaa na wanao, mayu. Pamba yangu ikinunuliwa vizuri, huyo simhitaji." Mama alishusha pumzi.

Siku ya kuuza nilimsindikiza Bibi. Mnunuzi alikuwa yule yule wa kofia. Sikujua kwamba baadhi ya wakulima walikuwa wakimwagia pamba maji ili iongeze uzito. Aliponitania kama huwa namsaidia bibi yangu, nilijibu kwa sauti ya kusikika foleni nzima:

"Kila siku! Namletea maji, ananyunyiza chumba kizima cha pamba!"

Watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka, wala hakuingiza hata mkono kwenye gunia.

"Rudisha, bibi. Hii ina maji."

"Ni sakafu, baba," Bibi alisema. "Ni maji ya kufagilia tu. Muulize mtoto."

Akaniuliza. Nilitazama nyuso za watu, ambazo sasa zilikuwa zimekunjamana, nikaona kusema ndiko kumeleta balaa, nikainamisha kichwa.

Habari zilitutangulia kwenye mizani nyingine. Pamba ile, kavu kama majani ya kiangazi, mwishowe ilinunuliwa kama pamba fifi, ile ya daraja la chini, kwa bei ya kutupa. Wiki iliyofuata vyumba vyetu vilichukuliwa na yule wa kofia.

Tulipomaliza kupakia vyombo kwenye mkokoteni wa ng'ombe, Bibi aliniita nimletee kopo. Nilipiga magoti. Alinyunyiza vyumba vyetu vitupu, akavifagia pole pole kwa ajili ya magunia ya watu, kisha akanishika kichwa na kusema, "Asante, mayu," kwa sauti ile ile ya kila asubuhi.

Kwa miaka mingi nilijilaumu kwa kuropoka. Nilipopata watoto wangu, ambao huropoka kutwa, nilijisamehe hilo. Lakini Bibi aliniomba nimsemee mbele ya watu, nami nikamwacha peke yake. Ndiyo, ni ya sakafu. Hayo tu ndiyo niliyotakiwa kusema. Siku hizi huyasema nikifagia, na Bibi Nkwimba hayupo wa kuyasikia.