Minzi Si Mainzi

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikimwona mama kasimama na mtoto wake huku maneno yamemjaa mdomoni. Nasikia umepewa watoto wa wenzio uwaangalie mpaka jioni. Basi keti nikuambie aibu yangu, na usicheke mapema.

Ilikuwa enzi za Mdachi. Nilitoka kwetu Handeni, msichana wa Kizigua nisiyejua dunia, nikaja kuangalia watoto katika kambi ya vibarua wa mkonge karibu na Ngombezi, mama zao wakiwa kazini kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Nilikuwa na chumba kimoja, mikeka, chungu cha uji, na kiburi. Kwa kuwa nililea wadogo zangu watano, nilijiona mjuzi. Nikaweka sheria: mama akifika, amweke mtoto mkekani, ageuke aende zake.

Asubuhi moja Mama Kalunde, Mnyamwezi aliyekuja na mumewe kutoka mbali, alinikabidhi binti yake wa miaka miwili, akaanza kunieleza jambo kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Nikamkata kauli. "Nenda, mama, kazi itakupita." Akaenda, lakini shingo ilikuwa huku kwetu.

Adhuhuri Kalunde akawa wa moto. Uji akaukataa, akawa analia tu, "Minzi! Minzi!" Nami nikasikia mainzi. Nikachukua tawi nikampungia kweli kweli, ingawa inzi sikumwona hata mmoja. Midomo ikamkauka, sauti ikafifia, na mimi bado napunga! Hapo hofu ikaniingia. Niliona mtoto wa watu atanifia mikononi.

Bibi Saumu, mzee aliyekuwa akitupikia uji, akaniuliza, "Mama yake alikwambiaje asubuhi?"

"Sikumpa nafasi, bibi."

"Mtoto umempokea, mama umemfukuza! Mkono mmoja haulei mwana, we binti. Mfuate!"

Nikambeba Kalunde mgongoni, mbio mpaka kwenye kamba za kuanikia. Msimamizi akafoka, sikumjali. Mama Kalunde alilisikia lile "minzi" la mwanawe kabla hata hajatuona vizuri. Akatupa singa chini, akashika kibuyu chake. Mtoto akanywa, akapumua, akanywa tena.

"Minzi ni maji, dada," aliniambia kwa upole ulionichoma kuliko tusi. "Usiku alikuwa na homa. Nilitaka kukwambia umpe maji sana."

Nililia palepale mbele za watu. Lakini jasho lilimtoka mtoto, joto likapungua, na tulipokuwa tunarudi akanikojolea mgongo mzima. Lo! Sijapata kuifurahia kanga iliyolowa kama siku ile. Nilicheka njia nzima, moyo mweupe, nikimshukuru Mungu kwa sauti.

Kesho yake nilimkaribisha Mama Kalunde ndani, nikamwomba anifundishe kwa Kinyamwezi maji, njaa, tumbo linauma, namtaka mama. Wengine nao wakaja, kila mmoja na lugha ya kwao. Wale waliokuwa wakiniogopa wakaanza kuketi kidogo, kunikosoa, hata kunipasulia kuni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nilipona kweli.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wewe umeazimwa tu. Usimpokee mtoto kabla hujampokea aliyemleta. Muulize amelalaje, amekula nini, akitaka kitu husemaje. Jioni nawe umweleze mchana ulivyokwenda, na pale ulipokosea umwambie pia, maana mzazi aliyeambiwa kweli hukusaidia, aliyefichwa hukuogopa.

Mungu akujalie usikie kabla hujasema, na kila mtoto unayekabidhiwa asubuhi, jua likizama umrudishe mzima mikononi mwa mama yake. Amina.