Mkorosho Wangu wa Mtawanya

Sisi watoto wanne wa mama yangu, kila mmoja ana mkorosho wake shambani Mtawanya. Kitovu kilipokatika, mama alikifukia na kupanda mbegu papo hapo. Sheria yake ilikuwa moja: chini ya mti wako unaokota wewe tu.

Kisha tukaondoka mmoja mmoja, kama vijana wengi wa pale. Mimi niliishia Dar, kwenye ofisi ya bima, na mti wangu nikawa nauona usingizini: mabibo mekundu yanadondoka bila sauti, hewa yote tamu, nimeinama naokota na kikapu hakijai. Nikiamka nilinusa viganja vyangu. Kwenda siendi, likizo ilikuwa na mambo yake.

Shamba likabaki na mama na mgongo wake. Wakaja vibarua, mume na mke kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, wanaongea Kimakonde kama yeye. Waliokota shamba zima isipokuwa miti yetu minne, na korosho zetu zikamea hapohapo chini. Kwenye simu nilimwambia mama awaache waokote kote. Roho ikaniuma, nikaongeza kwa ukali kwamba wangu wasiuguse. Akacheka, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu wenyewe uko Mtawanya.

Mwaka jana nikarudi, msimu umekolea. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokiota, mpaka jua lililolala kwenye majani makavu na nyuki waliokuwa wamelewa mabibo. Nikaenda moja kwa moja kwenye mti wangu.

Chini yake palikuwa pamefagiwa. Kanga imetandikwa, juu yake amelala mtoto mchanga.

Mama alinifuata taratibu, mkono kiunoni. Yule mke, akanieleza, alijifungua msimu ulipoanza, akaomba mahali pa kuzika kitovu cha mwanawe, naye akamwonyesha pale. Nilipandisha hasira, jamani. Nikamuuliza kwa nini wangu, kati ya yote minne.

"Kwa sababu wako ndio unaozaa kuliko yote, mwanangu," alisema. "Nataka hawa wasiondoke."

Kulia nililia, sioni haya kusema. Bibo moja likadondoka karibu na miguu ya mtoto, hakuamka. Nililiokota, nikanyofoa korosho yake, nikaenda kumtafuta mama wa mtoto nimkabidhi.