Kuku Aliyefungwa Mguu Kama Wangu

Harufu ya samli iliyochemshwa na majani machungu hunirudisha Luzira, katika chumba chetu kimoja, mwaka niliokuwa darasa la saba. Wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho nilianguka kutoka kwenye mfenesi, mguu wa kushoto ukavunjika. Mama, aliyesuka vikapu kama wanawake wengi wa Kinubi, alimwita Haji, mzee wa kuunga mifupa. Alininyoosha nikipiga mayowe, akanikanda kwa samli na majani hayo, akanifunga kwa vijiti, kisha akamshika kuku mweupe, akamvunja mguu wa kushoto na kumfunga vivyo hivyo. "Huyu akitembea," akasema, "nawe utatembea."

Kuku akafungwa kwenye tendegu la kitanda. Nilizijua punje zote alizodonoa. Nilisoma magazeti yaliyobandikwa ukutani, hata yaliyopinduliwa kichwa chini, nikakutana na miji ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia. Lakini moyo uliniungua: bila mtihani hakuna sekondari, na Mama alishasema hataweza kunilipia nirudie darasa. Kila asubuhi Amina, mtoto wa jirani, alichungulia dirishani akienda shule. "Sauda, mwalimu wako mweupe amefikia somo gani?"

Siku moja kabla ya mtihani, Mama akiwa sokoni, nilimfungua kuku vijiti. "Tembea," nikamwambia. Akakaa. Nikamsukuma. Alipiga hatua moja. Ya pili, nikasikia mfupa ukialika kama kijiti kikavu.

Haji alimfunga upya bila kunitazama. "Kuku hajui mtihani, binti yangu." Kisha akaagiza mguu wangu nao usifunguliwe mpaka yule apone. Kesho yake nilisikia viatu vya wenzangu vikipita. Amina hakuchungulia.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kuku alitembea mwaka mpya ulipoingia, nami nyuma yake, ila si kwenda shule. Nimezurura tangu hapo: Arua, Bunia, Kisumu, nikiitafuta miji ya ukutani. Sasa nimelazwa hospitalini, Bukoto. Pikipiki imenigonga, mguu uleule, na daktari hasemi ni lini nitasimama. Plasta ya hospitali haina kuku, na ukuta huu hauna gazeti. Usiku nalia. Lakini jana mchana sisimizi walipita sakafuni wakiburuta bawa la nzi, wakikwama, wakisimama, wakilishika upya. Niliwatazama mpaka wakatoweka chini ya mlango, na muda wote huo sikuusukuma mguu wangu.