Tereza Afika Ukingoni mwa Kibo

Tereza, mkunga mstaafu wa mji wa Mkuu, Rombo, aliutazama mlima wa Kibo kwa miaka sitini na miwili bila kuukanyaga. Alipotangaza kwamba anaupanda, wanawe walicheka hadi machozi. Siku tatu alivuka msitu na nyika za juu bila kulalamika. Alfajiri ya nne, hatua chache chini ya ukingo wa Kibo, miguu ikagoma.

"Mama, turudi?" Gladness, kiongozi wake wa safari, aliuliza.

"Nimewaambia wazazi wangapi, sukuma, bado kidogo? Leo niambie wewe!"

Gladness akaangua kicheko. "Sukuma, mama! Bado kidogo!"

Tereza akasukuma, hatua kwa hatua. Jua lilipochomoza alikuwa amesimama ukingoni, Rombo yote ikiwa chini yake, na vigelegele vyake vikawafanya wageni waliotangulia wageuke kumtazama.