Daftari la Vema

Kwa miaka tisa nilifundisha Kiingereza cha kuandikia ripoti katika chuo kimoja cha afya hapa Babati, na miaka yote hiyo nilikuwa naogopwa. Tena nilipenda kuogopwa. Nikiingia darasani na rundo la madaftari kwapani, minong'ono ilikatika ghafla, nami nikajiona nimekwisha kufanya nusu ya kazi.

Wanafunzi wangu wengi walikuwa watoto wa wakulima, wa Mutuka, wa Dareda na wa huko juu Mbulu. Kiswahili chenyewe baadhi yao walikutana nacho vizuri shuleni. Kiingereza kilikuwa lugha yao ya tatu, na ndicho walichotakiwa kuandikia habari za mgonjwa. Makosa yao niliyajua kwa kichwa. Jambo la jana liliandikwa kana kwamba linatokea sasa hivi, na mgonjwa mwanamke aligeuzwa mwanamume katikati ya ukurasa, kwa kuwa sisi tuna "yeye" mmoja tu na anatutosha. Aliyerudia kosa nililokwisha kulisahihisha nilimsimamisha asome sentensi yake kwa sauti. Darasa lilicheka, nami niliamini kwamba kicheko kinafundisha.

Katika waliochekwa sana alikuwemo binti mmoja wa mwaka wa pili, mpole, mtoto wa mkulima wa mahindi na maharage kutoka milimani. Kiingereza chake kilikuwa kichaka kitupu. Lakini nakumbuka ripoti yake ya kwanza kutoka wodini. Aliandika kwamba bibi wa kitanda cha dirishani anaficha chakula chini ya mto, kwa sababu meno yanamuuma na anaona haya kusema. Hakuna muuguzi aliyekuwa ameliona hilo. Mimi nilihesabu makosa, nikaandika chini: "Rudia yote."

Muhula uliofuata ripoti zake zilinyooka. Nikatafuta kosa nikalikosa, na nilifurahi mno, nikajisifia hata nyumbani Bagara kwamba kuna mtoto nimemtoa mbali. Kwa kweli darasa zima lilinyooka. Wagonjwa wao wote walikuwa wamelala vizuri, wamekula vizuri, hawana maumivu. Ningekuwa nasoma habari badala ya sarufi, ningeshtuka.

Siku moja mchana muuguzi mkuu wa wodi walikokuwa wakifanyia mazoezi alinipigia simu.

"Madam, njoo umsikilize mwanafunzi wako. Mimi nimeshindwa."

Yule binti alikuwa amepewa mama mmoja aliyetoka kufanyiwa upasuaji, amwangalie na kuandika hali yake. Aliandika kwamba mgonjwa anapata mkojo bila shida. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake na wodi imejaa, akaamini, akasaini. Kumbe yule mama hakuwa amekojoa tangu asubuhi. Tumbo lilimvimba, akawa anauma kanga asipige kelele, mpaka mwanawe aliyemletea uji alipokimbia kuita watu. Walimsaidia, akapona. Ila aliteseka saa nyingi bila sababu.

Nilimkuta mwanafunzi wangu kwenye benchi nje ya wodi. Aliniamkia kwa sauti ndogo. Sikumwitikia.

"Hukumwona mgonjwa, au ulimwona ukaandika uongo?"

"Nilimwona, madam. Alikuwa anashika hapa chini ya kitovu, anapumua kwa shida."

"Sasa?"

"Kuandika hivyo sikuwa na sentensi."

Akatoa mkobani daftari dogo lililochakaa pembe. Ndani mlikuwa na sentensi za Kiingereza, moja kila mstari, kwa miandiko ya watu mbalimbali. Zote zilikuwa zimewahi kupita mikononi mwangu zikapata alama yangu ya vema. Walikuwa wakizikusanya tangu kwa waliowatangulia, wakizitoa kopi stationery na kupeana. Kila mtu alichagua humo zilizokaribiana na mgonjwa wake. Dalili isiyokuwa na sentensi yenye vema iliachwa.

"Nilitaka kumwambia nesi kwa Kiswahili," alisema. "Ila nilishaandika. Nikaogopa atauliza mbona umeandika vingine."

Nilimwomba lile daftari, nikalitia kwenye mkoba wangu. Nilijiambia nitalipeleka kwenye kikao cha nidhamu, limsaidie.

Kikao kilikaa siku ya tatu yake. Tulikuwa watu watano mezani, na mkoba nilikuwa nimeupakata. Mkuu wa chuo alisoma maelezo ya hospitali, kisha akanigeukia.

"Madam, wewe umemfundisha tangu mwanzo. Una lolote?"

Niliwatazama wenzangu. Nikafikiria watakavyolipitisha lile daftari mkono kwa mkono, kila mmoja akisoma vema zangu. Nikaona aibu, na aibu ile ilikuwa yangu peke yangu, wala haikumhusu yule mtoto.

"Sina la kuongeza," nikasema.

Walimsimamisha mwaka mzima. Barua iliandikwa kwa Kiingereza, kama barua zetu zote.

Baba yake alikuja kumchukua Jumamosi. Niliwakuta getini, godoro limefungwa kamba, ndoo na sanduku chini, bajaji inasubiri. Binti aliniamkia, shikamoo kamili, akainama. Mimi nikamwamkia mzee, akaitikia marahaba, kisha akanipa ile barua kwa mikono miwili.

"Mwalimu, naomba unisomee. Huyu amesema tu kwamba amekosea."

Nikamsomea kwa Kiswahili, taratibu. Nilipofika kwenye neno uzembe, nalo nililisema.

Mzee alimtazama binti yake. "Huyu nyumbani ndiye anayejua ng'ombe gani anaumwa kabla yetu sote. Kweli ni mzembe?"

Binti alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonivunja.

"Hapana, mzee," nikasema. "Alimwona mgonjwa vizuri kabisa. Aliogopa kukosea Kiingereza, kwa sababu mimi nilimfanya aogope. Kosa hili lina mkono wangu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza ushauri wa daktari. Kisha akauliza kwa upole, bila kunikaripia:

"Na huko ndani kwenye kikao, mwalimu, uliwaambia hivyo?"

Nilimwambia sikuwaambia.

Akaichukua barua yake mkononi mwangu, akaikunja, akaitia mfuko wa koti. Kisha akainamia godoro upande mmoja, binti yake akashika upande wa pili, wakalipandisha kwenye bajaji.